Mkono Uliomleta Mume Wangu Doha

Watu wakiniuliza mume wangu alikuwa akifanya kazi gani Doha, nilikuwa nawajibu kwamba ni dereva, basi, yaishe. Ukimwambia Mkenya mwenzako kuwa mumeo analipwa kurusha mpira, atakutazama, kisha atakuuliza kama huko mnakula kweli. Na mpira wenyewe si kandanda. Ingekuwa kandanda angalau wangeuliza anacheza namba ngapi. Ni besiboli. Nikishalitamka hilo neno mazungumzo hufa, na mimi sina subira ya kufufua mazungumzo.

Basi nieleze mara moja tu. Wasichana wa shule za msingi za Kenya wanaijua raunda: mmoja anarusha, mwingine ana gongo, akiupiga anakimbia. Besiboli ni kaka yake raunda, mwenye ndevu. Mrushaji anasimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja, anaurusha mpira mgumu kwa nguvu zake zote, na mwenye gongo anajaribu kuupiga. Nyuma ya mwenye gongo amechuchumaa mdakaji na glavu yake nene. Kila kitu kinamtegemea mrushaji. Akiwa na siku njema, wenzake wanaweza kusimama tu wakiota jua.

Mume wangu alikuwa mrushaji. Alifundishwa shule ya upili, kwetu Taita, na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani aliyekuja kufundisha hesabu akaja pia na sanduku la glavu. Mwalimu akaenda zake, glavu zikaliwa na panya, mkono ukabaki. Aliponioa alikuwa dereva wa lori la mboga, akizishusha Mombasa, na jioni akirudi alikuwa anasimamisha gunia la mchanga ukutani analirushia mpira mpaka giza linaingia. Mama yake alikuwa akisema mwanawe alioa mpira kwanza, mimi nikaja kuwa mke wa pili. Nilikuwa nacheka, lakini si kwamba nilipenda.

Mimi ni nesi. Nilitangulia Doha peke yangu, nikaajiriwa wodi ya mifupa, nikamwacha yeye na binti yetu ambaye ndio kwanza alikuwa ameanza kutambaa. Asikudanganye mtu kuhusu upweke wa mji ule. Nilikuwa nikitoka shifti nafika chumbani kwangu, mtaa wa Najma, najilaza na viatu miguuni kwa kuwa hapakuwa na wa kuniambia nivue. Kwa daraja langu la kazi sikuweza kumdhamini mume. Aje kwa kazi yake mwenyewe au asije kabisa. Alijaribu kwa mawakala, wakamzungusha njoo leo njoo kesho, mpaka akachoka na kurudi kwa lori lake.

Mkono ndio uliomleta. Nilipokwenda likizo nilimrekodi kwenye simu akilirushia lile gunia, kwa mapenzi tu, nipate cha kutazama nikirudi. Siku moja wakati wa mapumziko wodini nilikuwa naitazama ile video, na mwenzangu Mfilipino, nesi wa kiume, akachungulia begani kwangu. Aliacha kutafuna. Aliomba aione tena, na tena, kisha akaniuliza huyu mtu yuko wapi. Kumbe yeye alikuwa mdakaji wa timu moja ya pale mjini, timu ya tajiri mwenye kampuni ya ujenzi. Tajiri mwenyewe alikuwa mwenyeji wa Qatar, alisoma Marekani ujanani akarudi na wazimu wa besiboli. Alipoonyeshwa ile video, viza ikaanza kutafutwa siku hiyo hiyo. Kwenye karatasi iliandikwa dereva, lakini tajiri hakuficha kitu: alimtaka arushe mpira kila Ijumaa, na siku nyingine aendeshe kidogo ili karatasi isiwe uongo. Mimi sijui historia ya michezo, ila kwa Wakenya niliowajua pale, yeye ndiye wa kwanza kulishwa na besiboli.

Nilimpokea uwanja wa ndege nikamkumbatia pale pale, katika mji ambao watu hawakumbatiani hadharani. Askari mmoja alituona, akageuza uso akatuachia. Usiku huo mtu aliniambia nivue viatu.

Msimu wa mechi ulikuwa wakati wa baridi mpaka joto linaporudi. Uwanja ulikuwa kipande cha mchanga ulioshindiliwa upande wa Al Thumama, ndege zikipita juu yetu chini kabisa. Walikuwepo Wafilipino, Wajapani, Wamarekani, na huyo wangu mmoja kutoka Taita. Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko kule, kwa hiyo ndiyo siku ya kanisa pia. Tulikuwa tunatoka uwanjani na vumbi letu mbio mbio mpaka Mesaimeer kuwahi ibada ya mchana. Akina mama wa kikundi chetu walikuwa wanamkalia mbali kwa ajili ya jasho, halafu ibada ikiisha wanamwita awaonyeshe kutupa chupa tupu ndani ya pipa kutoka ng'ambo ya maegesho. Hakukosa. Wenzangu walinisalimu kwa kicheko, wakisema huyo ukimkosea nyumbani ujue kijiko kitakupata popote ulipo.

Na alikuwa mzuri, haki ya Mungu. Alikuwa na mpira wa kasi, na alikuwa na ule wa kupinda. Ule wa kupinda ulikuwa unamwendea mwenye gongo kifuani, mtu anaruka nyuma kuokoa mbavu zake, kumbe mpira wenyewe umeshageuza njia na kuingia ndani taratibu. Wajapani walikuwa wanaguna kwa heshima. Msimu wa kwanza timu ya tajiri ilichukua kikombe, na wa pili ikachukua tena. Tajiri alikuwa anasimama nyuma ya wavu na kanzu yake nyeupe, akihesabu tasbihi, na kila mwenye gongo akitolewa anatikisa kichwa kama mtu aliyeonja pilau ya kwao.

Katikati ya wiki hakuwa na wa kumdakia, kwa sababu yule Mfilipino shifti zake hazikulingana na zetu. Basi nikawa mimi. Nesi mzima, nimetoka kazini, nachuchumaa nyuma ya jengo letu Najma, pale yanapoegeshwa malori ya maji, na glavu mkononi. Wabangali wa ghorofa ya juu walikuwa wanatoa viti vyao kibarazani kutazama.

Yeye hakuwa akiniita jina. Aliniita Sista, kama wagonjwa wanavyoita nesi, na alijua kwamba linaniudhi.

"Shuka chini zaidi, Sista," alikuwa ananiambia. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Nami nilikuwa namjibu kwamba mimi nilikuwa nazalisha wanawake kwa tochi wakati yeye anacheza na magunia, kwa hiyo kuinama hanifundishi. Viganja viliniuma mpaka nikawa nashika bomba la sindano kwa adabu. Lakini nawaambia ukweli, sijapata kuwa na furaha kama ile. Mpira ulikuwa ukitua kwenye glavu unatoa mlio mmoja mkavu, paa, unagonga kuta za majengo mawili. Tukimaliza tunapanda ngazi tumeshikana, mmoja anakaanga vitunguu, mwenzake anapiga simu nyumbani kuongea na mama mkwe, aliyekuwa akitulelea mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa hasemi kitu. Tulikuwa tunasikiliza anavyopumua.

Msimu wa tatu ule mlio ukabadilika. Mpira ulikuwa bado unafika, lakini umechoka. Nilimwuliza, akasema glavu imezeeka. Nikamnunulia nyingine, mlio ukawa vile vile, akasema hiyo nayo ni mpya mno, haijalainika. Nilipojaribu kumshika kiwiko aliondoa mkono kwa mzaha, eti nisimletee mambo ya wodini chumbani. Mpira wa kupinda ulikuwa umeacha kupinda. Aliendelea kushinda kwa ujanja tu, kwa kuwa wenye magongo walikuwa bado wanaukumbuka mkono wa zamani wakaogopa kivuli chake.

Nilijua kinachomtia ulimi mfukoni. Kibali chake cha kuishi Qatar kilikuwa kwa tajiri, na kilikuwa karibu kwisha. Bila mkono hakuna timu, bila timu hakuna kibali, na bila kibali mimi narudi kulala na viatu. Hatukulisema kwa mdomo, lakini kila jioni tulipanda nalo ngazi.

Mama yangu ana msemo aupendao, kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Wa kwangu aliumbuliwa na kahawa.

Ilikuwa wiki moja kabla ya fainali. Tajiri aliialika timu nzima na wake zao nyumbani kwake, katika hema kubwa wanaloweka uani wakati wa baridi, mazulia chini, mito pembeni, kuni zinawaka katikati. Nilimkumbusha mume wangu mambo ya kahawa njiani, ingawa alikuwa anayajua. Kahawa yao ni ya rangi ya majani makavu, ina iliki nyingi, inatiwa kidogo tu kwenye finjani isiyo na mkono. Unapokea kwa mkono wa kulia. Wa kushoto usiuguse kabisa. Ukirudisha finjani hivi hivi, mwenye birika anaijaza tena, na ukitosheka unaitikisa kidogo, kulia na kushoto, naye anaichukua. Ni kitu cha kifundo cha mkono tu, mtoto anakiweza.

Mwenye birika siku hiyo alikuwa mzee wa Kisudani, mtaratibu, mwenye masikio mazito. Tajiri alimketisha mume wangu ubavuni mwake. Mimi nilikuwa ng'ambo ya moto na wake wa Wafilipino. Nikamwona anakunywa finjani ya kwanza, akarudisha, ikajazwa. Akanywa. Ikajazwa. Nikafikiri amependa. Ikajazwa tena, na tena, na mume wangu ninayemjua mimi ni mtu wa chai ya maziwa, kahawa ya namna ile alikuwa anaiita dawa ya minyoo. Nikaona midomo yake ikimwambia mzee kwamba basi, inatosha, lakini mzee hakuwa akisikia midomo, alikuwa akisoma finjani. Na finjani ilikuwa imetulia kimya mkononi. Mfilipino wetu akaanza kucheka. Akasema Mkenya leo atamaliza birika, na wengine wakacheka naye.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeviona vidole. Finjani alikuwa ameibana kwa gumba na viwili vya mwanzo, ameiegemeza kifuani isianguke. Vile viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja vyenyewe, kana kwamba si vyake. Vidole vya namna ile nilikuwa nawaosha watu kila siku wodini. Ni mshipa wa fahamu, umebanwa kwenye kiwiko. Hakuwa na nguvu ya kuitikisa finjani bila kuimwaga juu ya zulia la tajiri, na mkono wa kushoto nilishamkataza mimi mwenyewe. Kwa hiyo alikuwa anakunywa. Jasho limemtoka kwenye paji la uso, katika baridi ile, anameza tu na kumwitikia tajiri habari za fainali.

Sikufikiri. Nilizunguka moto nikapita mbele za watu, nikapiga magoti kwenye zulia, nikaichukua ile finjani mkononi mwake, nikaitikisa mimi, nikampa mzee. Mzee akaipokea akaenda zake. Mume wangu alijaribu kuuficha mkono chini ya paja, lakini tajiri alikuwa ameshauona.

Aliniuliza mimi mkono una nini. Nilimtazama mume wangu. Kama kungekuwa na uongo wa kutuokoa, nesi wa mifupa ndiye angeutunga vizuri kuliko wote, na tajiri angeniamini. Mume wangu akatikisa kichwa, akajibu mwenyewe.

"Vidole viwili sivisikii tena," alisema. "Tangu mwanzo wa msimu."

Tajiri hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo kwa sababu wasikilizaji wangu hupenda awe mbaya. Alisema kwa upole kwamba ana daktari wake, atamchoma sindano ya kutuliza, arushe fainali moja tu. Akirusha, atamwongezea kibali cha miaka miwili, aurushe au asiurushe tena. Asiporusha, basi yeye dereva anao wengi, na hatamdanganya mtu. Ule upole wake ndio ulionikata maini.

Tulirudi nyumbani. Chumbani akakaa kitandani, akasema atarusha. Alikuwa ameshaamua kwenye gari. Nilimweleza kwamba sindano inanyamazisha maumivu, haiponyi, na kwamba mshipa ukishakufa hakuna wa kuufufua, si mimi, si daktari wa tajiri. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wagonjwa, polepole, na alinisikiliza kama wagonjwa wanavyosikiliza, yaani hakunisikiliza.

"Miaka miwili, Sista," alisema. "Miaka miwili ya kulala chumba kimoja na wewe. Ungenipa hesabu hiyo nikiwa Taita, ningekupa mkono wote na bega juu."

Hapo nilikasirika. Mimi nikikasirika huwa sipigi kelele, huwa nafanya kazi. Nilifungua kabati nikatoa shati lake la kanisani, lile jeupe, ambalo hakuwa amelivaa kwa muda mrefu. Alikuwa anakwenda Mesaimeer na fulana, nami nilidhani ni uvivu. Nikamwambia avae, afunge vifungo kwa mkono wa kulia. Akisha, arushe fainali, na mimi nitamdakia mazoezi.

Alivaa. Alianza na kifungo cha juu. Kilimteleza. Alikirudia, ulimi umetoka pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Akaacha cha juu akajaribu cha chini. Mimi nilisimama pale nikatazama, na kila kidole changu kilitaka kwenda kumsaidia, nikavikunja ngumi. Mtu ambaye alikuwa anapitisha mpira kwenye tundu la sindano hakuweza kufunga kifungo. Mwisho akaiacha mikono ikaanguka, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata siku alipomzika baba yake.

Nilimfunga vifungo vyote, kimoja kimoja, mpaka shingoni, ingawa tulikuwa tunakwenda kulala. Kisha nikamwambia nililokuwa nalo moyoni.

"Nakupenda kuliko mpira unavyokupenda. Nenda nyumbani. Nitakaa mwenyewe."

Asubuhi yake alikwenda kwa tajiri akamwambia hatarusha. Ijumaa ya fainali alivaa jezi akakaa benchi, akawa anapiga makofi kwa kujipiga pajani na mkono wa kushoto. Walifungwa vibaya. Tajiri alitoka nyuma ya wavu akamwendea, akambusu begani, wanavyofanya wenyewe kwa mtu wanayemheshimu. Kibali hakumwongezea. Vyote viwili vilitoka moyoni, na mimi nilishindwa kumchukia.

Uwanja wa ndege alivuta begi kwa mkono wa kushoto. Hatukuwa na mengi. Aliniambia nisiache kula, nikamwambia asiache kumwona daktari wa Mombasa niliyempa, na kila mmoja akaitikia kama anayeagizwa chumvi dukani. Nilirudi Najma, nikalala upande wake wa kitanda, na asubuhi nikaenda kazini.

Alipasuliwa kidogo pale kwenye kiwiko, akakatazwa kunyanyua kitu kwa miezi mingi, akatii, jambo ambalo mama yake anasema ni muujiza. Mimi nilibaki Doha miaka mingine kadhaa, maana karo na matofali ya nyumba havikungoja mtu apone. Nilikuwa napiga simu kila Ijumaa baada ya ibada. Nataka niwe mkweli kuhusu Ijumaa hizo. Zipo ambazo nilimlaumu moyoni kwa kunisikiliza. Chumba kilikuwa na baridi, kiyoyozi hakina habari na mapenzi, na mtu mwenye haki hulala peke yake vile vile. Kama angerusha ule mpira mmoja, nilijiambia, sasa hivi angekuwa ananikaangia vitunguu.

Ijumaa moja nikapiga, akapokea mama mkwe. Nilisikia kishindo na vicheko uani. Nikamwomba anipe mtoto. Nikamsikia akimwita, akimwambia mama yako yuko kwenye simu, njoo mara moja. Binti yetu alikuwa amekua kiasi cha kuzungumza mfululizo, lakini na mimi alikuwa bado anapumua tu kwenye simu, maneno yake yote alikuwa anayaweka kwa baba yake. Kicheko kikasogea karibu, kisha kikaenda mbali tena. Halafu nikasikia sauti yake, kwa mara ya kwanza akinipa ujumbe mimi, kwa kelele, kutoka juu juu huko.

"Mwambie mama angoje kwanza. Siwezi kushuka, baba amenibeba."

Mama mkwe akataka kumkaripia. Nikamwambia amwache. Nikangoja.